Hospitali ya Uani

Binti yetu wa pili aliungua mkono wa kulia akiwa na miaka mitatu, wakati tukiwa mafichoni katika vilima vya wilaya yetu ya Fizi, kando ya ziwa. Vita ya pili ilikuwa imefika kwetu, na kijiji kizima kilihamia porini, tukilala huko na kupika huko. Asubuhi moja mke wangu alikuwa anakoroga uji, mtoto akajikwaa, akaangukia makaa kwa kiganja. Hatukuwa na dawa. Kidonda kilipona chenyewe lakini kilipona vibaya. Vidole vilijikunja, ngozi ikavishika palepale, mkono ukabaki kama wa mtu aliyefumbata kitu asichotaka kukionyesha.

Kabla hakijapona tulivuka ziwa, tukapita kwenye zahanati moja ng'ambo. Kitambaa tulichomfunga kilikuwa kimegandamana na nyama, ikabidi kivutwe. Watu wazima tulimshika, mmoja kichwa, mwingine miguu, na muuguzi aliyefunga kitambaa mdomoni akavuta. Mtoto alilia mpaka sauti ikakatika. Tangu siku ile alimkimbia mtu yeyote aliyefunika mdomo, hata mwanamke wa sokoni aliyejitanda kitenge puani kwa ajili ya vumbi.

Tulifika Malawi tukapewa nafasi katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, tukajenga nyumba ya matofali mabichi kama wengine. Mimi ni fundi cherehani. Nilipata mashine kuukuu nikaiweka barazani, nikawa nashona sare za shule na nguo za kwaya. Binti yangu nilimshonea gauni zote zenye mkono mrefu upande wa kulia, kwa sababu hakutaka watoto wenzake wauone ule mkono. Alijifunza kuandika kwa mkono wa kushoto. Alikuwa mtoto mwenye amri nyingi nyumbani na mkimya kabisa nje.

Alipotimiza miaka sita, mganga mmoja wa kliniki ya kambi alijaribu kuukunjua mkono wake kidogo kidogo, akauangalia, akaniambia unaweza kufunguliwa katika hospitali ya Lilongwe. Watakata ile ngozi iliyoshikana, watanyoosha vidole, na watapandikiza ngozi nyingine. Mke wangu alikuwa na kichanga cha wiki chache. Kwa hiyo niliyekwenda kumuuguza ni mimi.

Hospitali zote za Malawi nilizoziona zina banda la wanaouguza, mahali ambapo ndugu wa wagonjwa wanalala na kupika. Katika banda lile la wodi ya watoto nilikuwa mwanamume peke yangu. Akina mama walinitazama nikikoroga nsima, wakacheka mpaka mmoja akaninyang'anya mwiko.

"Bambo, hii ni uji au ni saruji?" aliniuliza kwa Kichewa, bambo likiwa neno lao la kumwita baba.

Nikamwambia kwetu ugali tunautaka mgumu. Akasema hata kama ni mgumu, usiwe na mabonge. Tangu hapo alinipikia pamoja na chakula chake, nami nikamshonea kwa mkono mtoto wake shati lililochanika begani. Ndivyo tulivyoishi pale.

Asubuhi ya upasuaji wa kwanza, binti yangu hakuwa na wasiwasi wowote, kwa sababu hakujua kitu. Mimi nilimwambia tunakwenda kuuangalia mkono. Nilidhani mtoto akijua machache ataogopa machache. Muuguzi alimlaza kwenye kitanda cha magurudumu, akatusukuma ukumbini, mtoto akawa anacheka kwa sababu kitanda kilikuwa kinapiga kelele kwenye viungo vya sakafu. Mlango wa chumba cha upasuaji ukafunguliwa. Ndani walikuwa wamesimama watu wenye kofia na vitambaa mdomoni, mmoja ameshika kifuniko cheusi cha mpira cha kumvalisha mgonjwa puani na mdomoni.

Sijawahi kusikia mtoto akipiga kelele vile. Alijitupa kutoka kitandani, nikamdaka kwa gauni. Aliyeshika kifuniko alimsogelea taratibu, akiongea maneno ya kumtuliza, lakini mtoto akamng'ata mkono wake na hakuachia. Muuguzi mmoja alisema tumshike. Yule aliyeng'atwa akasema hapana. Akashusha kitambaa chake, akaangalia alama za meno, kisha akamwambia muuguzi turudishwe wodini.

Baadaye alikuja kunitafuta kwenye benchi la nje. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi, Mmalawi, na kazi yake ilikuwa kulaza watu usingizi wapasuliwe bila kusikia maumivu. Wodini walimwita Dokotala kama walivyowaita wote. Mimi na mke wangu tulimwita bwana wa usingizi, na mpaka leo tukimtaja tunamtaja hivyo.

Aliketi pembeni yangu. "Bambo, mkono huu una miaka mitatu umefungwa. Wiki tatu zaidi hazitauharibu. Mtoto nikimlaza kwa nguvu, ataamka na nguvu ileile, na atarudi hapa mara nyingine, maana mkono wa namna hii mara nyingi haumaliziki siku moja. Nataka arudi bila kuburutwa."

Nikamuuliza nifanye nini basi, nimuombee?

"Umuombee, na umchezeshe."

Aliinuka akaingia ndani, akarudi na furushi. Mlikuwa na kifuniko cha mpira kama kile cha chumbani, ila kimepasuka ukingoni. Mlikuwa na mfuko mwingine wa mpira mweusi, ule unaovimba na kunywea mgonjwa anapopumua, nao una tundu lililozibwa kwa plasta. Mlikuwa na kofia kadhaa za kitambaa na glovu zilizooshwa.

"Hivi vimeshakwisha kazi. Vipeleke nyumbani. Watoto wacheze hospitali. Yeye awe daktari kwanza. Wewe usimvalishe chochote usoni, hata kwa utani. Siku akitaka mwenyewe, atakwambia."

Nilimshukuru, lakini moyoni nilikasirika. Nilikuwa nimefunga cherehani, nimeacha mke na kichanga, nimefika Lilongwe na mtoto aliyezuiwa kula tangu jana yake, na sasa narudi kambini nimebeba midoli iliyotoboka. Njia nzima mpaka Lumbadzi, tunakobadilisha gari la kambini, nilitazama dirishani. Binti yangu naye alikaa ameshika mkono wake kwapani, akilitazama lile furushi miguuni kwangu kana kwamba mlikuwa na nyoka ndani.

Mke wangu alinisikiliza mpaka mwisho huku akinyonyesha. Halafu akasema, "Leta nione."

Alikitoa kile kifuniko, akakigeuza, akakinusa, akakiweka mdomoni mwake mwenyewe akaongea ndani yake. Sauti ikatoka kama ya mtu aliye ndani ya pipa. Mtoto wetu wa kwanza, dada wa mgonjwa, akaangua kicheko. Mgonjwa mwenyewe alikuwa amejificha nyuma ya mlango.

"Yule muntu wa Lilongwe iko na akili," mke wangu alisema. "We ulitaka amushike kama mbuzi?"

"Mimi nilitaka apasuliwe, tumalize."

"Njo vile. Weye unataka kumaliza. Mutoto anataka kujua."

Kwetu baba hachezi na watoto. Baba anawalisha, anawakemea, anawalipia shule, na akirudi jioni wanampisha kiti. Baba yangu alikuwa hivyo na sikuona alichokosea. Kwa hiyo siku za kwanza mchezo uliendeshwa na mke wangu na dada mtu, mimi nikiwa barazani nashona, nikiwasikiliza tu. Walitandika mkeka uani, wakawaita watoto wa nyumba za jirani, wakagawana kazi. Mmoja mgonjwa, mmoja wa kusukuma kitanda, ambacho kilikuwa toroli ya kubebea maji, mmoja muuguzi, mmoja wa usingizi. Dada mtu alivaa kofia ya kitambaa iliyomfika machoni.

Binti yangu hakukaribia. Siku ya kwanza alichungulia mlangoni. Siku iliyofuata alikaa kwenye kizingiti. Siku moja nikamsikia anapaza sauti, "Si vile! Kwanza banakusukuma, kisha mulango unafunguka!"

Watoto wakageuka. Alikuwa peke yake aliyeshaiona hospitali ya kweli, na wale wengine walikuwa wanabuni tu. Akashuka kizingitini akawaonyesha mlango uwe wapi. Akawaambia kelele za magurudumu zifanywe vipi. Mtoto wa usingizi alipokuja na kifuniko, binti yangu akasimama kando akakunja mikono, lakini hakukimbia.

Jioni ile niliacha kazi za wateja mapema, nikachukua vipande vya kitambaa cha kijani vilivyobaki kwenye sare, nikashona joho dogo la daktari, la kufungia nyuma. Nililitundika msumarini. Kesho yake alilivaa, na mkono wake mbovu ukatokea nje bila yeye kujali, kwa sababu joho lile nililishona na mikono mifupi.

Kuanzia hapo hospitali ikawa yake. Alikuwa daktari mkali. Wagonjwa waliambiwa wasile kabla, na aliyekutwa na muwa mdomoni alirudishwa nyumbani. Lakini mchezo ulikuwa na kasoro moja: mgonjwa akishavalishwa kifuniko hakuwa na la kufanya. Alilala tu pale, anachoka, anaanza kucheka. Dada mtu ndiye aliyepata dawa yake. Akasema mgonjwa aulizwe, "Umepika nini?" na yeye ataje vitu vya sufuriani kimoja kimoja, akipumua ndani ya kifuniko, na ule mfuko wa mpira uvimbe na kunywea. Wengine wabahatishe ni chakula gani. Wakipata kabla hajalala, wameshinda wao. Asipogunduliwa, analala na siri yake, na akiamka anawaambia.

Watoto waliupenda mno. Uani kwetu palisikika majina ya vyakula tangu shule ilipotoka mpaka jua kuzama. Sombe ya majani ya muhogo, mawese, kitunguu, ndagala, wale dagaa wa ziwa letu. Mahindi, karanga, chumvi. Mmoja alipika mawe na sabuni, wakamfukuza. Mimi barazani nilijikuta nabahatisha kimoyomoyo, na siku nyingine kwa sauti.

"Baba, we ni mugonjwa leo," binti yangu aliniambia mchana mmoja.

Nilitazama kama kuna mteja anayekuja. Hapakuwa na mtu. Nikalala mkekani kwa urefu wangu wote, miguu imetoka nje, nikavalishwa kile kifuniko. Kilinuka mpira na pumzi za watoto wote wa mtaa. Yeye aliniinamia akiwa na joho lake, na ule mkono uliokunjamana akauweka kifuani kwangu.

"Usiogope. Mi niko hapa. Umepika nini?"

Nikapika mukeke, samaki wa kwetu, wa kubanika, na pilipili, na ndimu. Waligundua haraka, lakini nilisema bado sijamaliza, nikaongeza ndizi, nikaongeza mafuta. Kwa kweli sikutaka kuamka.

Jirani yetu alikuwa mama mmoja wa Burundi, mzee kidogo, ambaye watoto walimwita bibi. Alikuwa akienda kulima vibarua katika mashamba ya Wamalawi na kurudi alasiri na jembe begani. Yeye mchezo huu haukumpendeza hata kidogo. Siku moja alisimama kwenye uzio wa majani akamwambia mke wangu, "Mama, hawa batoto banacheza kufa. Kila siku banalala, banafunikwa sura. Hii kitu siyo muzuri. Inaita."

Tulijua alikuwa amezika watoto wake njiani, kwa hiyo hakuna aliyemjibu kwa ukali. Mke wangu alimkaribisha aketi. Akamweleza habari ya mkono, ya Lilongwe, ya bwana wa usingizi. Bibi akasikiliza huku akipangusa udongo miguuni. Binti yangu akaja akasimama mbele yake na kifuniko.

"Bibi, siyo kufa. Ni kulala. Unataka kuona?"

Nilidhani atakasirika. Labda ni uchovu, labda ni vile mtoto alivyomuuliza kwa adabu. Alicheka kidogo, akalala kwenye mkeka, akavua kilemba akakiweka chini ya kichwa. Mtoto akamwekea kifuniko taratibu sana, kwa mbali, kama mtu anayemfunika kifaranga.

"Umepika nini, bibi?"

"Maharage," alisema. "Maharage mapya, ya shamba. Na ndizi. Nimemenya ndizi." Mfuko wa mpira ukavimba, ukanywea. "Mawese. Si haya ya kununua. Ya mama yangu." Mfuko ukavimba tena, polepole zaidi. "Na kuni zimelowa, zinatoa moshi."

Hakuna mtoto aliyebahatisha. Walikuwa wakingoja aendelee, lakini hakuendelea. Alikuwa amelala usingizi wa kweli. Mtu ambaye ameshika jembe tangu alfajiri akilazwa mahali laini na mtu akamwambia afumbe macho, afanye nini?

Watoto waliingiwa na hofu. Mmoja alianza kulia, akisema bibi amekufa kama alivyosema mwenyewe. Dada mtu akaniita kwa sauti ya kuvunjika. Kabla sijafika, bibi akakoroma, mkoromo wa nguvu uliofanya mfuko wa mpira urushe plasta yake. Mke wangu alicheka mpaka akampa mtu kichanga amshikie.

Binti yangu hakucheka. Aliondoa kifuniko, akachuchumaa pale pembeni ya bibi, akakaa. Tulimwambia aende kucheza, akakataa. Alikaa mpaka bibi alipofungua macho, akauliza yuko wapi, akaona watu, akaona haya.

"Umeamka," binti yangu alimwambia.

"Nimeamka, mwanangu."

"Ulisikia kitu?"

"Sikusikia kitu."

Siku mbili baada ya hapo alilala mkekani mwenyewe, akamwambia dada yake amvalishe. Nilisimamisha cherehani. Alipika lengalenga, mchicha wa kwetu, na karanga, na waligundua mara moja kwa sababu hicho ndicho chakula alichokipenda kuliko vyote. Akasema wamedanganya, akataka arudie.

Tuliporudi Lilongwe nilikwenda kwanza kumtafuta bwana wa usingizi. Nilimkuta anakunywa chai. Nikamweleza mchezo jinsi ulivyogeuka, nikamwambia kuna swali lazima aulize, na lazima aulize kwa lugha yetu. Akalirudia mara kadhaa. Alilitamka kwa lafudhi yake ya Kichewa, "Umepikha nini," nikaona inatosha.

Jioni alikuja wodini bila kofia wala kitambaa, akamsalimia mtoto, akamwonyesha mkono wake mahali alipong'atwa. Hapakuwa na alama tena. Mtoto akaangalia, akaomba radhi kwa Kichewa alichojifunza shuleni, "Pepani." Bwana wa usingizi akamwambia hata yeye pepani. Kisha akavaa kitambaa mdomoni mbele yake, akakivua, akakivaa, akampa naye amfunge. Akamuuliza kama baba aingie mpaka ndani. Mtoto akasema baba aingie, lakini avae kofia.

Asubuhi nilivaa joho na kofia, nikatembea kando ya kitanda. Mlango ulipofunguka, nilimwona anashika chuma cha kitanda kwa ule mkono wa kushoto mpaka vifundo vikabadilika rangi. Sitasema hakuogopa. Machozi yalikuwa yanatoka. Lakini alikuwa amelala mahali pake, na alipoona kifuniko alisema kitu ambacho mimi tu nilikielewa: "Kile cha kwetu ni kizuri kuliko hiki."

Bwana wa usingizi akamsogelea. "Umepikha nini?"

Mtoto akamtazama. Nadhani hakutegemea kweli kwamba mtu yule mkubwa, katika chumba kile chenye taa, angeujua mchezo wa uani kwetu. Akafuta machozi, akakishika kifuniko kwa mkono wake mwenyewe, akakiweka usoni.

"Chumvi," alisema. "Nyanya. Mafuta."

"Nsima?" akauliza bwana wa usingizi.

Akatikisa kichwa. "Samaki. Badogo."

"Usipa!"

"Hapana!" Sauti ilitoka kama ya mtu aliye ndani ya pipa. "Ndagala. Usipa ni ya Malawi. Ndagala ya..."

Hapo mkono ukalegea. Bwana wa usingizi akakishika kifuniko kabla hakijaanguka, akanionyesha mlango kwa kichwa. Nilitoka nikakaa kwenye lile benchi la nje. Yule mama aliyeninyang'anya mwiko mara ya kwanza hakuwapo tena, mtoto wake alishapona. Wengine wasionijua walikuja kunipa chai.

Ningependa kusema mambo yaliishia vizuri moja kwa moja, lakini hayakwenda hivyo. Mtoto aliamka mchana, mkono umefungwa bendeji kubwa kama mtoto wa mbwa aliyeviringishwa blanketi, na huo haukumshtua, kwa sababu tulikuwa tumemfunga bendeji mara nyingi uani. Kilichomshtua ni paja. Ngozi ya kupandikiza ilikuwa imetolewa pajani, na paja lilimwuma kuliko mkono. Mimi niliambiwa ngozi itatoka kwingine, nikaelewa kwamba ni kwingine palepale mkononi. Kichewa changu kilikuwa cha sokoni na cha vitambaa.

"Mu mchezo hamukusema mambo ya paja," aliniambia.

Nikamwambia hata mimi sikujua.

Aligeukia ukutani, akawa hanisemeshi, akipokea maji kutoka kwa wauguzi na kuyakataa kutoka kwangu. Bwana wa usingizi alipopita, naye akageuziwa mgongo. Alisimama pale kidogo, akaniambia kwamba mtoto ana haki, na kwamba yeye mwenyewe alipaswa kulifikiria hilo alipotukabidhi lile furushi. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda akamweleza yote, polepole, kwamba paja ni kama goti lililochubuka, litakuwa kavu, halitakatwa tena. Mtoto alikuwa bado amempa mgongo. Sijui alisikia kiasi gani.

Kilichomgeuza ni kitanda cha jirani. Aliletwa pale msichana wa Mtandire, mtaa wa pale Lilongwe, mkubwa kidogo kuliko yeye, aliyekuwa afanyiwe upasuaji wa uvimbe shingoni. Alikuwa na mama yake, na wote wawili walikuwa wameshikana mikono kwa hofu. Msichana yule alikuwa anauliza swali moja kila baada ya muda mfupi, kama atasikia kisu. Mama yake hakujua ajibu nini, akawa anamwambia anyamaze.

Binti yangu aliwasikiliza mpaka akashindwa kuvumilia. Akageuka. Akaniomba furushi la mchezo tulilokuja nalo, akasema kwa Kichewa kilichochanganyika na Kiswahili kwamba kisu hakisikiki, ila kuna vitu wakubwa wanasahau kukwambia, kwa hiyo ni lazima uwaulize watakata wapi na wapi. Mama wa msichana akamwita muuguzi, akauliza. Ilikuwa ni shingoni tu. Basi wakaanza kucheza. Msichana wa Mtandire alipika nsima na bonongwe, na binti yangu hakugundua, kwa sababu hakujua kwamba bonongwe ni lengalenga ileile. Walibishana sana juu ya hilo. Na hapo ndipo alipopokea maji mkononi kwangu, bila kunitazama, akiendelea kubishana.

Bendeji zilifunguliwa kubadilishwa baada ya siku kadhaa. Kiganja kilikuwa kimevimba, cha rangi mbili, kimeshonwa kama kazi ya fundi anayeanza, lakini vidole vilikuwa vimenyooka. Bwana wa usingizi alisema mazoezi ndiyo yatakayoamua. Tulifanya mazoezi nyumbani miezi mingi, tukimpa punje za mahindi azihamishe bakuli hadi bakuli, vifungo avipange kwenye kopo, uzi autunge sindanoni. Gumba na vidole vitatu vilirudi kufanya kazi. Kidole cha mwisho kilirudi kujikunja. Alipasuliwa mara nyingine akiwa na miaka kama tisa, na safari hiyo aliingia ndani akitembea kwa miguu yake, baada ya kumhoji daktari wa upasuaji mpaka daktari akaangalia saa. Hata hivyo kile kidole hakikunyooka vizuri, na mpaka leo kiko hivyo.

Hospitali ya uani iliendelea kuwepo kwa muda. Watoto waliongeza paja: kila mgonjwa akiamka alifungwa kitambaa mguuni, hata kama aliugua jino. Mara mbili tatu wazazi waliokuwa wakipelekwa Lilongwe na watoto wao walikuja nyumbani kuomba wakopeshwe vile vifaa, na mke wangu hakuwapa vifaa bila kuwaambia waketi kwanza, waone jinsi vinavyochezewa. Wengine waliona ni upuuzi wakaenda zao. Mpira ule mweusi ulikauka ukapasuka, kifuniko kikapotea, na watoto wenyewe wakakua wakahamia michezo mingine.

Binti yangu sasa ni mama wa watoto wake. Nikimweleza habari hizi anasema hakumbuki mkeka wala kofia. Anachokumbuka yeye ni siku tuliyorudi kutoka hospitali, tuliposhuka Lumbadzi kungoja usafiri. Mwanamke mmoja alikuwa anauza mandazi ya moto, nikamnunulia moja, likawa la moto mno kwa mkono mmoja, akataka kulihamishia mkono wa pili akasahau kwamba ule una bendeji. Likaanguka vumbini. Anasema alinitazama akidhani nitamgombeza, na mimi nikaliokota, nikalipuliza, nikalila mwenyewe, nikamnunulia lingine.

Mimi hilo silikumbuki hata kidogo.